Ndiyo Isiyo Yake

Nesi Mhagama alivifumbata vishikizo vya kupimia ubongo viganjani mwake kabla ya kumbandika mtoto kichwani. Hakuna aliyemwagiza. Vilikuwa vya chuma, na chumba kilikuwa na baridi ya mashine, naye akavipasha kimoja kimoja kwa joto la mikono yake, ndipo akavibandika kwenye kichwa cha mjukuu wangu tulichokuwa tumekinyoa asubuhi ile. Nikasema moyoni, huyu kijana amelelewa.

"Unachelewa," Namkunda akamwambia.

"Nachelewa ili usiruke ukiguswa na baridi."

"Si ndiyo kazi yenu? Hapa si mnatibu wanaorukaruka?"

Mhagama akacheka mpaka kishikizo kimoja kikamponyoka. Nikamkanya mtoto kwa jicho, naye akajifanya hajaona. Ndivyo alivyo Namkunda. Tangu ajue kusema hajawahi kupokea neno bila kuligeuza aone upande wa pili lina nini. Walimu walimlalamikia, majirani walimlalamikia, na mimi nilimlalamikia huku nikigeuza uso ili asinione ninacheka. Kisha alipoingia darasa la saba akaanza kuanguka. Alianguka uwanjani, akaanguka kanisani, akaanguka jikoni mkono wake ukaingia kwenye makaa. Shule ilipopata habari, bangili yake ya kufungulia milango ikazimwa, na tangu siku hiyo mlango wa darasa haukumfungukia tena. Ndiyo maana tulishuka kutoka Upare milimani tukaja huku tambarare, kwenye Kituo cha Ubongo.

Daktari Kabelwa aliingia akavuta kigoda akakaa chini kabisa, macho yake yakawa sawa na ya mtoto. Alikuwa mtu mrefu, na nadhani aliyajua madhara ya urefu wake. Akagusa ukuta. Ukutani ukatokea ubongo wa Namkunda, mkubwa kama mlango, unapumua polepole.

"Unaona huku katikati, hivi vidimbwi viwili vyeusi? Ni maji. Kila mtu anavyo. Mtoto akiwa tumboni, seli za ubongo huzaliwa hapo ukingoni mwa maji, kisha hupanda. Kila moja hushika uzi wake mwembamba ikapanda mpaka huku juu, kwenye ganda, ambako kazi iko." Akasogeza kidole. "Sasa hizi zako hazikupanda."

Kando ya vile vidimbwi palikuwa na vinundu vya kijivu, vimepangana kama mbegu ndani ya papai.

"Ni uvimbe?" nikauliza.

"Hapana, Bibi. Si uvimbe wala si kidonda. Ni seli nzuri kabisa, isipokuwa zimekaa mahali pasipo pake. Zinaongea, lakini zinaongea ovyo, na kelele zao zikienea ubongo wote, ndipo anaanguka."

"Labda zilikataa kupanda," Namkunda akasema.

"Seli hazikatai. Zilikosa ishara."

"Ulikuwepo?"

Daktari akatabasamu. Akatoa mfukoni kichupa cha maji meupe, akakiweka kwenye kiganja cha Namkunda. Akasema humo ndani mlikuwa na wachungaji, vidude vidogo kuliko chembe ya damu, wengi kuliko watu wote wa nchi. Wakiingizwa kwa mshipa wa mkono hupanda mpaka kwenye vinundu, wakatandika uzi upya, wakaziswaga seli taratibu hadi juu. Kwa mtoto mchanga kazi hiyo ni nyepesi. Kwa mtoto mkubwa, seli huwa zimeshazoeana na majirani zao hapo zilipo na zimefunga nyaya. Zikihamishwa, nyaya zinakatika.

"Nyaya za nini?" Namkunda akauliza.

"Hicho ndicho tunachokitafuta leo. Tutavipigia vinundu mawimbi ya sauti usiyoisikia, vitanyamaza kwa muda. Tutakupima kila kitu. Kusoma, kuhesabu, kukumbuka, kutembea, kutambua sura. Tukiona hakuna kilichopungua, tunajua tunaweza kuvihamisha. Na hapo nitakuuliza kama unataka. Sheria inasema mtoto wa umri wako aulizwe mwenyewe, vinundu vikiwa kimya, ili ugonjwa usije ukajibu badala yake."

Namkunda akakirudisha kile kichupa. "Na mimi huyu hapa, haniulizi mtu?"

"Haya, nakuuliza. Unataka?"

"Sitaki. Mpaka nijue mnakata nini."

"Nimekusikia," akasema Daktari, na naamini alisikia. Lakini taa ya Msajili ilikuwa haijawaka. Msajili ni ile sauti ya ukutani inayotunza vibali vya Kituo, na kwake neno linalosemwa kabla ya ukimya si neno.

Mimi nilitaka. Nisifiche. Mama yake Namkunda alikuwa na vinundu hivyohivyo, ila sisi hatukujua. Tulisema ana kizunguzungu. Siku moja alikwenda mtoni kufua, akaanguka kifudifudi kwenye maji ambayo hayakufika hata magotini, akafa. Mimi ndiye niliyemwosha. Basi mtoto wake aliponitazama pale kitandani, nikamshika mguu nikasema, "Wavinyamazishe tu, mama. Tuone."

"Tuone," akakubali. "Wakimaliza waniulize tena."

* * *

Ukimya ulimjia kama usingizi unavyomjia mtu aliyelima kutwa. Mabega yakashuka. Vidole vyake, ambavyo siku zote huchezea kitu, upindo wa shuka au kifungo, vikalala.

"Shikamoo, Daktari," akasema.

Sote tukatazamana. Namkunda huamkia, lakini huamkia kama anayekurushia kitu ukidake.

Wakampima. Akasoma kurasa walizompa bila kukwama. Akahesabu, akakumbuka majina ya ndugu zake wote mpaka wa Usangi tusioonana nao. Mhagama akamtembeza kwenye mstari, akatembea sawasawa. Picha za watu zikapita ukutani, akawataja. Kila alipomaliza, alama ya kijani ikawaka, na Daktari Kabelwa akazidi kukaa mkao wa raha. Niliona kwamba na yeye alikuwa ameibeba hofu.

"Hakuna kilichopungua," akaniambia kwa sauti ya chini. "Ni nadra sana, Bibi. Ni bahati."

Taa ya Msajili ikawaka. Daktari akamgeukia mtoto. "Namkunda, unataka tuzihamishe seli zako?"

"Ndiyo, Daktari."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mmesema ni vizuri."

"Kibali cha mtoto kimepokelewa," sauti ikasema ukutani. "Kinasubiri kibali cha mlezi."

Nikalia. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi wa kutwa nzima, na sasa nilikuwa na mjukuu mpole aliyepona. Namkunda akaona machozi yangu akasema, "Pole, Bibi. Kaa, umechoka." Nikakaa. Daktari akasema tule kwanza, kibali changu angekichukua baadaye, hakuna haraka. Na hilo nalo lilikuwa jema, maana mwingine angenifunga hapohapo nikiwa na furaha.

Nilikuwa nimebeba makande kwenye chombo cha kutunza joto. Mhagama naye akaleta wali wa Kituo na kuku.

"Utakula makande au wali?" nikamuuliza.

"Chochote, Bibi."

"Chagua."

"Unavyopenda wewe."

Nikampakulia makande. Akala. Namkunda na makande ni ugomvi wa miaka. Husema mahindi yangu yanaiva kwa kubembelezwa. Leo alitafuna kimya, akashukuru.

Sasa, kwetu bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza wa utani. Babu ni mume wetu sote wawili, hata akiwa marehemu, na kila siku tunamgombania. Mimi nikimchokoza, yeye lazima anirudishie, na kunyamaza ni kama kuniacha mkono wangu unaning'inia hewani. Tumefanya hivyo tangu hajaota meno ya mbele. Kwa hiyo, kwa mazoea tu, nikamwambia, "Mke mwenzangu, hicho kichwa walichokunyoa, mume wetu angekiona angefufuka akimbie."

Namkunda akainua macho. "Samahani, Bibi."

"Mimi ndiye niliyependwa. Wewe alikuoa kwa kukuhurumia."

"Ndiyo, Bibi."

Mhagama, aliyekuwa anakusanya sahani, akasimama. Huyu kwao ni Songea, na utani kwao si mchezo. Alijua nilichokuwa ninakisubiri.

"Mjibu bibi yako," akamwambia taratibu. "Anakutukana."

"Nimjibu nini?"

Nikaweka kijiko chini. Nikamwita Daktari, akaja na kile kigoda chake, akakaa. Sikujua nifanye nini, nikafanya nililoweza.

"Namkunda, tukuache na vinundu vyako, twende zetu nyumbani?"

"Ndiyo, Bibi."

"Au tuvihamishe?"

"Ndiyo."

"Nikuache hapa na watu usiowajua, nisirudi?"

Akanitazama kwa macho yaleyale makubwa ya mama yake, bila woga hata kidogo. "Sawa, Bibi."

Daktari Kabelwa akasogeza kigoda karibu. Akamuuliza maswali yake mwenyewe, moja baada ya jingine, akiyageuza kichwa chini miguu juu. Yote yalijibiwa ndiyo.

"Hatuna kipimo cha kukataa," akasema mwishoni. Alikuwa anajiambia mwenyewe. "Tunapima kama anaweza kufanya anachoambiwa. Hatujawahi kumwambia mtoto jambo baya tuone kama atakataa. Nani angefanya hivyo?"

* * *

Mawimbi yalipozimwa, vinundu viliamka na ghadhabu. Namkunda alikakamaa, kichwa kikarudi nyuma, mikono ikaanza kupiga kitanda. Mhagama akamlaza ubavu, akaweka kiganja chake kati ya kichwa cha mtoto na chuma cha kitanda, akakiacha hapo kikapigwa mpaka mwisho. Baadaye niliona vidole vyake vimechubuka, naye akaviweka mfukoni ili nisione.

Namkunda alipozinduka aliomba maji. Kisha akauliza, "Mbona hamjaniuliza?"

"Tulikuuliza," Daktari akasema. "Ulisema ndiyo."

"Nani alisema?"

"Wewe. Hukumbuki?"

Akafikiri. "Nakumbuka. Niliisikia hapana yangu iko mbali, kama mtu anaita ng'ambo ya bonde. Ila sikuona sababu ya kumwitikia." Akajiinua kwa kiwiko. "Nilikula makande?"

"Ukamaliza."

"Bibi! Umenilisha makande sijitambui? Mume wetu angekushtaki."

Nikamkumbatia kwa nguvu akalalamika nambana.

Wakati huo ukuta ukaita. Alikuwa Eliamani, mwanangu, baba yake Namkunda, yuko kazini Kigoma kwenye reli. Kibali cha mtoto kilikuwa kimemfikia, naye alikuwa amevaa shati safi kama mtu anayekwenda kwenye harusi.

"Mama, shikamoo. Nimeona. Mungu mkubwa. Sema ndiyo yako tumalize."

Nikamweleza. Nikamweleza yote, makande na utani na yale maswali. Uso wake ukabadilika kidogo kidogo.

"Kwa hiyo atakuwa mtiifu," akasema. "Mama, kuna wazazi wangelipa kwa hilo."

"Eliamani."

"Basi, nimekosea. Lakini nisikilize. Mimi ndiye niliyemtoa mke wangu kwenye maji. Unataka nimtoe na huyu? Mtoto mpole aliye hai, au mbishi aliye kaburini. Mimi nimechagua. Sisikii aibu."

Daktari Kabelwa akasimama ili atuache, nikamwomba akae. Nilitaka asikie, kwa sababu nilikuwa sijui bado nitakachosema, na mtu akisikilizwa na mgeni hujipanga.

"Mwanangu," nikasema, "sikulaumu. Wewe ulimtoa majini, mimi nikamwosha, sote tunajua tunachoogopa. Na mimi nimekuja hapa nikitaka. Hata sasa nataka aache kuanguka. Lakini yule mtoto niliyekaa naye ndani ya ukimya hana mlango. Yeyote anaingia. Leo ameingia daktari mwenye huruma akamuuliza jambo la heri, akapata ndiyo. Kesho ataingia mwingine na swali lake, naye atapata ndiyo hiyohiyo. Mimi nimezeeka, Eliamani. Wewe uko mbali. Nani atasimama mlangoni pake kila siku, maisha yake yote? Kuanguka tunaweza kukaa nako. Hilo jingine, nitakaa nalo vipi?"

"Watu hujifunza. Atafundishwa kukataa."

"Atasema ndiyo kwa mwalimu," Namkunda akasema kutoka kitandani.

Baba yake akamtazama, na mimi nikajua kwamba tangu mwanzo alikuwa anakwepa kumtazama.

"Na wewe, unanikatalia? Mimi baba yako?"

"Nakukatalia, Baba." Akameza mate. "Halafu shikamoo. Sijakuamkia."

Eliamani akacheka, na kicheko kikamgeukia njiani kikawa kilio. Akafunika uso kwa mkono. "Marahaba," akasema nyuma ya vidole. "Marahaba, mwanangu. Sijakubali. Ila sitakwenda kuchukua ulezi kwa bibi yako. Ningeweza, unajua? Ningeweza leo hii."

"Najua, Baba."

"Basi jua." Ukuta ukazimika.

* * *

Chumba cha vibali kilikuwa kidogo, kina viti vitatu na ile taa. Msajili hana sura. Ana sauti ya mwanamke asiye na haraka.

"Kibali cha mtoto kipo. Mlezi, sema kibali chako."

"Sikitoi," nikasema.

"Mlezi anapinga kibali cha mtoto. Kisheria, neno la mtoto katika utulivu ndilo kubwa. Matibabu yanaweza kuendelea."

Niliona giza. Sikuwa nimejua hilo. Sheria ilikuwa imetungwa kuwalinda watoto dhidi ya bibi wakaidi kama mimi, na huenda mahali pengine imewaokoa wengi. Nikamshika Namkunda mkono. Nikapima mlango, nikapima miguu yangu, nikaona nitaweza kumkokota mpaka getini kama ikibidi.

"Msajili," Daktari Kabelwa akasema. "Ninaongeza ushahidi."

"Daktari, kibali kimeshapokelewa."

"Nimekipokea mimi, na mimi ninasema nilikosea swali. Mgonjwa katika utulivu alikubali kutibiwa. Katika utulivu uleule alikubali kutotibiwa, na akakubali kutelekezwa na mlezi wake. Sauti zote ziko ndani yako. Zisikilize."

Msajili akazisikiliza. Mhagama alikuwa amesimama mlangoni, mikono mfukoni, hakuwa na kazi chumbani humo.

"Daktari," Msajili akasema, "ukiondoa neno la utulivu kwa mgonjwa huyu, maneno ya wagonjwa waliomtangulia yatahitaji kupitiwa upya."

Hapo nikamwona Kabelwa akizeeka. Nikafikiria wale watoto wote walioketi kwenye kitanda kile wakasema ndiyo, wakaenda nyumbani wapole, mama zao wakashukuru. Na yeye alikuwa anawafikiria, majina yao anayajua.

"Yapitiwe," akasema.

"Kibali cha mtoto kimeondolewa. Mtoto ataulizwa akiwa katika hali yake ya kawaida. Namkunda, unataka seli zako zihamishwe?"

"Sitaki. Siku mkipata njia ya kuzinyamazisha kelele bila kuninyamazisha mimi, mje mniulize tena. Ila mniulize mimi huyu."

"Limepokelewa. Utaendelea kuanguka. Kuanguka kwaweza kusababisha kuungua, kuvunjika au kifo. Mlango wa shule utabaki umefungwa mpaka mkate rufaa nayo isikilizwe. Nani anabeba dhamana ya kukataa huku?"

Swali hilo nilikuwa tayari nalo. Jibu lake nilikuwa nimelitayarisha tangu mtoto alipokubali nimwache kwa watu asiowajua. Nikasimama, nikavuta kitenge changu vizuri, nikasema kwa sauti ili mashine isidai haikusikia. "Mimi, Nakiete, bibi yake. Akifa, nimekataa mimi. Mwandike hivyo, na baba yake asome, na yeyote atakayeuliza."

"Hapana, Bibi," Namkunda akasema.

"Kaa chini, mama."

"Sikai." Alikuwa amesimama kando yangu, anayumba kidogo kwa dawa, kichwa chake cheupe kwa alama za vishikizo. "Usinichukulie na hili. Msajili, futa aliyosema. Nimekataa mimi."

Nilifungua mdomo nimkanye. Ni mtoto. Ni mzigo wa mtu mzima ule, na mimi ndiye mtu mzima. Akanigeukia akanitazama usoni, akatikisa kichwa, na hakuyaondoa macho yake kwangu mpaka mimi nilipoyainamisha yangu.

"Mlezi," sauti ikauliza, "nifute?"

Nikakaa chini.

"Futa," nikasema.